Kutumia fonti ya mwandiko wa mkono kwenye kadi ya harusi: mwongozo kamili

Wasomaji wengi wameniletea kadi zao wakiuliza kwa nini hazifanani na sampuli waliyoiona kabla ya kupakua fonti, na karibu kila mara nakuta makosa yale yale. Herufi zimeachana badala ya kushikana, au jina la bibi harusi linasomeka kama jina la mtu mwingine, au faili imefika kwa mchapaji na hati yote imegeuka kuwa herufi za kawaida zisizo na mvuto wowote. Mwongozo huu unamhusu mtu anayetengeneza kadi moja ya harusi kwa kompyuta yake mwenyewe, kwa kutumia fonti inayoiga mwandiko wa mkono usio rasmi, yaani ule wa mtu mwenye hati nzuri anayeandika haraka bila madoido mengi.

Mfano nitakaoutumia ni fonti iitwayo Dancing Script, kwa sababu inapatikana bure, ina unene wa aina kadhaa, na inaonyesha vizuri tabia za jamii hii: herufi zake zinarukaruka kidogo juu ya mstari, ukubwa wake haulingani sawasawa, na herufi kubwa za mwanzo hushuka chini ya mstari. Anayetaka hati nene na ya duara anaweza kutumia Pacifico. Anayetaka inayofanana na maandishi ya kalamu ya wino kwenye daftari anaweza kutumia Caveat. Hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuandaa

Andaa kompyuta yenye Word au programu ya michoro kama Inkscape, CorelDRAW au Illustrator. Tafuta fonti mbili: moja ya mwandiko na nyingine ya kawaida iliyosimama wima. Uwe na orodha ya maneno yote ya kadi, iliyokwisha kukaguliwa na wazazi wa pande zote mbili. Utahitaji printa, hata ya kuazima, karatasi chache za kawaida, mkasi, rula, na mtu mzima mmoja asiyewajua maharusi, ambaye kazi yake utaiona katika hatua ya saba.

Usianze kabla orodha ya maneno haijakamilika. Jina la ukumbi likibadilika baada ya kupanga kila kitu, utalazimika kurudia hatua ya nne na ya tano, kwa kuwa fonti ya mwandiko hubadilika umbo kulingana na herufi zinazokaa jirani.

## Hatua ya 1: Tenga maneno ya kutazamwa na maneno ya kusomwa

Chukua orodha yako na uigawe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la maneno ambayo mgeni anayatazama kwanza na kuyafurahia: majina ya maharusi, neno “Mwaliko” au “Karibuni”, pengine mstari mmoja mfupi wa shukrani. Fungu la pili ni la maneno ambayo mgeni atayarudia mara tatu siku ya shughuli akiwa ndani ya daladala: tarehe, saa, ukumbi, mtaa, namba za simu, na kiasi cha mchango.

Fonti ya mwandiko ni ya fungu la kwanza peke yake. Katika kadi nzima, maneno ya mwandiko yasizidi sita au saba.

Sababu ya kuwa mkali hapa naijua kwa kuungua. Niliwahi kutengeneza kadi ya mchango ya binamu yangu, nikaandika kila kitu kwa hati moja ya mkono kwa sababu ilionekana nzuri kwenye kioo cha kompyuta, pamoja na namba ya simu ya mweka hazina wa kamati. Tarakimu ya 1 katika fonti ile ilikuwa na kichwa kilichopinda, na shangazi yetu akaisoma kuwa 7. Bahati yake, jina lililojitokeza kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala lilikuwa la mtu mgeni kabisa, akasita, akapiga kuuliza. Usiku ule tulikaa watu watatu sebuleni na kalamu nyeusi, tukirekebisha kadi 150 moja baada ya nyingine.

Utajua umefaulu katika hatua hii ukifunika maneno ya mwandiko kwa kiganja na kadi bado inampeleka mgeni mahali sahihi, siku sahihi.

## Hatua ya 2: Ijaribu fonti kwa majina yenyewe

Sampuli za fonti hutengenezwa kwa maneno yanayoipendeza fonti hiyo, na mara nyingi ni ya Kiingereza. Kiswahili kina irabu nyingi na mifuatano kama mw, nw, ny, mb na nd, ambayo sampuli haikuonyeshi. Andika majina ya maharusi wako, kisha uongeze mstari huu wa majaribio:

Mwanaidi na Issa, Lang'ata, 15 Agosti, saa 12:30 jioni, 50,000/=

Tazama mambo manne. La kwanza ni vijiti vinavyofuatana: katika mwandiko wa kuunganisha, herufi m, w, n, u na i zote ni vijiti vinavyopanda na kushuka, na jina kama Mwanaidi au Muumini linaweza kugeuka kuwa uzio wa miti usio na mlango. Jambo la pili ni herufi kubwa zinazofanana: Issa asisomeke Jssa, na Fatuma asiwe Tatuma. La tatu ni herufi z na r ndogo, ambazo baadhi ya hati huzichora kwa mtindo ambao msomaji wetu hakufundishwa shuleni. La nne ni alama: fonti nyingi za bure huja bila tarakimu, bila mkwaju (/), au bila alama ya ng', na programu hujaza pengo kwa kuazima herufi kutoka fonti nyingine bila kukuambia.

Fonti ikishindwa katika jina la mmoja wa maharusi, iache hata kama unaipenda. Kuipenda hakutamsaidia mgeni anayejiuliza kama amealikwa kwenye harusi ya Rehema au ya Sehema.

## Hatua ya 3: Pakua, kagua leseni, sakinisha

Dancing Script, Pacifico na Caveat zote zinapatikana katika maktaba ya Google Fonts chini ya leseni huria inayoruhusu kazi za biashara. Fonti ulizotumiwa kwenye makundi ya simu au ulizozikuta katika tovuti za mkusanyiko huwa na masharti tofauti, na nyingi huruhusu matumizi binafsi tu. Ukimtengenezea jirani kadi kwa malipo, hayo si matumizi binafsi tena. Soma faili ya maandishi inayokuja ndani ya kifurushi, ni fupi.

Ukifungua kifurushi cha Dancing Script utakuta faili moja kubwa yenye unene wote ndani yake, na folda ndogo iitwayo “static” yenye faili nne tofauti. Sakinisha zile nne. Programu kadhaa za ofisi, hasa za zamani, haziielewi vizuri ile faili moja. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kusakinisha, kisha funga Word na uifungue upya. Jina la fonti likionekana kwenye orodha, endelea.

## Hatua ya 4: Pata ukubwa kwa macho

Fonti za mwandiko hudanganya kwa namba. Mikia na vichwa vyake ni virefu, kwa hiyo mwili wa herufi, yaani sehemu ya a, e au m, hubaki mdogo hata ukubwa ukisomeka 12. Andika neno “mama” kwa fonti ya kawaida katika ukubwa wa 12, kisha liandike pembeni yake kwa mwandiko, na uongeze ukubwa wa mwandiko hadi miili ya herufi ilingane. Namba utakayofikia ndiyo kiwango chako cha chini kabisa. Usishuke hapo popote katika kadi.

Kwa majina ya maharusi, kwenye kadi ya A6 iliyolazwa yenye upana wa milimita 148, mimi huanza na ukubwa wa 36 na kupanda. Majina marefu yawekwe katika mistari miwili, “na” ikikaa katikati kwa herufi ndogo zaidi. Acha nafasi kubwa kati ya mistari hiyo kuliko kawaida, kwa sababu mkia wa g au j wa juu utagonga kichwa cha herufi ya chini.

Usivute kisanduku kwa pembeni ili jina lijaze mstari. Ukivuta, vijiti vya wima vinanenepa na vya mlalo vinabaki vyembamba, na hati inapoteza mkono ulioiandika.

## Hatua ya 5: Linda maungio

Hapa ndipo kadi nyingi zinapoharibikia, na ndipo inapofaa kwenda polepole.

Katika fonti iliyounganishwa, kila herufi ina mkia unaotoka upande wa kulia kwa urefu uliopimwa ili ukutane na mwanzo wa herufi inayofuata. Ukiongeza nafasi kati ya herufi, hata kidogo, mikia inakatika na kubaki imening'inia hewani kama kamba ya nguo iliyofyatuka. Ukipunguza, mikia inapandana na kuacha vinundu vyeusi. Kwa hiyo nafasi kati ya herufi ibaki sifuri. Katika Word, teua maneno ya mwandiko, bonyeza Ctrl na D, nenda kwenye kichupo cha “Advanced”, na uhakikishe penye “Spacing” pameandikwa “Normal”.

Ukiwa kwenye dirisha hilo hilo, shuka chini hadi sehemu ya “Ligatures” na uchague “Standard Only”, kisha uweke tiki kwenye “Use Contextual Alternates”. Mtengenezaji wa fonti huweka ndani yake maumbo ya ziada ya herufi, ili mbili zinazofuatana zisifanane kama mihuri, na Word mara nyingi huyaacha yamezimwa. Jaribu na Caveat: andika “mama” na utazame a mbili kabla na baada ya kuweka tiki. Si kila fonti ina maumbo hayo, kwa hiyo usishangae nyingine isipobadilika.

Usiandike neno zima kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za mwandiko zimechorwa kusimama mwanzoni na kufuatwa na ndogo. Zikipangwa zote pamoja, kila moja inampiga kumbo mwenzake na neno halisomeki. (Jina la kanga limezoea kuandikwa kwa herufi kubwa tupu, na linasomeka hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara, lakini zile ni herufi zilizosimama peke yake, hazidai mkono wa jirani.) Anayetaka “HARUSI” kwa herufi kubwa aiandike kwa fonti ya kawaida.

Usibonyeze B kuikoleza fonti isiyo na unene wake wa asili. Pacifico ina unene mmoja tu, na programu ikilazimishwa itaipaka wino pembeni hadi matundu ya a na e yazibe. Dancing Script ina toleo nene lililochorwa na mtu. Chagua hilo kwa jina kutoka kwenye orodha. Usilaze herufi ambazo tayari zimelala, na usipige mstari chini ya mwandiko, kwa maana utaikata mikia yote.

Nafasi ya herufi inaruhusiwa kuguswa mahali pamoja tu, nako ni kwenye ng'. Alama ile inavunja muungano kati ya g na irabu inayofuata, na katika fonti nyingine ni pana kiasi kwamba Lang'ata inasomeka kama maneno mawili. Teua alama hiyo pekee pamoja na g iliyo kabla yake, na upunguze nafasi kwa nusu pointi, kisha utazame. Hakikisha pia kuwa ni alama inayopinda kama tarakimu 9 ndogo. Maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu huja na alama za kila namna, na katika mwandiko mkubwa tofauti hiyo inaonekana kutoka mbali.

Kufaulu hapa kunapimwa kwa kukuza kioo hadi asilimia 400 na kufuata jina kwa ncha ya kalamu bila kugusa kioo: mkono wako usikutane na pengo wala kinundu, isipokuwa pale ambapo mchoraji mwenyewe alikusudia kuinua kalamu.

## Hatua ya 6: Mpe mwandiko mwenzi mtulivu, na rangi inayoshika

Maneno ya fungu la pili yaandikwe kwa fonti ya kawaida isiyo na mapambo, kama Lato au Open Sans, katika ukubwa wa 10 au 11. Kamwe usiweke fonti mbili za mwandiko kwenye kadi moja. Zitaonekana kama watu wawili waliogombea kalamu.

Kuhusu rangi, kumbuka kwamba vijiti vya mwandiko ni vyembamba. Dhahabu juu ya karatasi ya krimu inapendeza kwenye kioo kinachotoa mwanga, lakini ikichapwa inafifia. Rangi inayotengenezwa kwa kuchanganya wino kadhaa hufanyika kwa vidoti, na wino mmoja ukikaa kando kidogo tu, kijiti chembamba kinapata kivuli. Nyeusi tupu, au rangi moja iliyokoza, ndiyo salama. Ukitaka mwandiko mweupe juu ya rangi nzito, tumia toleo nene, kwa kuwa wino wa pembeni hujitanua na kumeza vijiti vyembamba. Ndivyo ilivyo pia kwa karatasi yenye mikwaruzo ya urembo na kwa dhahabu ya kugandishwa, yaani utando wa dhahabu unaobandikwa juu ya karatasi: vyote vinadai hati nene.

## Hatua ya 7: Chapa jaribio na umpe mtu mgeni

Chapa kadi kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa wake halisi. Katika dirisha la kuchapa chagua asilimia 100, wala usichague kujaza ukurasa, vinginevyo unapima kadi isiyokuwepo. Pima kwa rula, kata kwa mkasi.

Sasa mwite yule mtu mzima asiyewajua maharusi, ikiwezekana aliyevuka miaka hamsini, na umpe kadi jioni chini ya taa ya kawaida ya chumbani. Mwombe aisome kwa sauti. Usimsaidie wala usimwambie chochote. Sikiliza tu ni wapi anasita. Mama mmoja niliyempa kadi yenye jina Zuhura alisimama kwenye herufi ya kwanza, akaisogeza kadi mbali na uso, akaisogeza karibu, kisha akasema, “Huyu ni Yuhura?” Nilikuwa nimeitazama kadi ile siku nne bila kuliona hilo, kwa sababu jina nililijua.

Akisita mara moja, badilisha herufi hiyo kwa umbo lake jingine kama fonti inalo. Akisita mara mbili katika jina moja, rudi hatua ya pili utafute fonti nyingine. Ukiona uvivu wa kurudi, hesabu idadi ya wageni.

## Hatua ya 8: Peleka faili isiyoitegemea kompyuta ya dukani

Kompyuta ya mchapaji haina fonti yako. Ukipeleka faili ya Word, itafunguka kwa fonti nyingine, mistari itahama, na kijana wa zamu ataipanga anavyoona yeye.

Anayetumia Word ahifadhi kadi kama PDF, kisha aifungue kwa Adobe Reader na kubonyeza Ctrl na D. Kwenye kichupo cha “Fonts”, kila jina la fonti linapaswa kufuatwa na neno “Embedded” au maneno “Embedded Subset”, yaani herufi zilizotumika zimefungwa ndani ya faili. Jina lisilo na neno “Embedded” linaweza kubadilishwa dukani.

Anayetumia programu ya michoro ageuze maneno ya mwandiko kuwa michoro: Ctrl na Q katika CorelDRAW, Ctrl, Shift na O katika Illustrator, Ctrl, Shift na C katika Inkscape. Hifadhi nakala kwanza, kwa maana baada ya hapo kosa la tahajia halirekebishwi kwa kuandika. Kadi ikiwa na rangi hadi ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa.

Wanaotaka jina hilo hilo likatwe kwenye stika ya kioo cha gari la maharusi wana kazi moja zaidi. Mashine ya kukata hufuata kila mstari, na penye kupandana kwa herufi mbili itakata msalaba katikati ya ungio. Baada ya kugeuza maneno kuwa michoro, unganisha herufi zote ziwe umbo moja kwa amri ya kuunganisha maumbo, kisha utazame kwa mistari tupu bila rangi. Ndani ya maungio pasionekane mstari wowote.

Kwa kadi ya kutumwa kwa simu, hifadhi picha kama PNG na uitume kama faili (“document”). Ukituma kama picha ya kawaida, programu ya ujumbe huibana, na vijiti vyembamba ndivyo vinavyoanza kuchakaa.

Ukiwa dukani, omba ichapwe kadi moja kwenye karatasi yenyewe ya mwisho kabla ya nyingine zote, uiweke juu ya ile uliyoikata kwa mkasi nyumbani, uzinyanyue zote mbili mbele ya taa. Majina yakilala juu ya majina na mikia juu ya mikia, mwambie aendelee.